Spesa ya inchi mbili, gari limepanda nne: jibu kwa mwenye Hilux ya Ifakara

"Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2010, dizeli 2.5, dabo kebini, tairi 265/70R16. Nafanya biashara ya mpunga kati ya Ifakara na vijiji vya Malinyi. Masika gari lilikuwa linakwama kila wiki, difu la nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) linakaa juu ya tope na magurudumu yanazunguka bure. Mwezi wa nane nikaamua kuliinua. Fundi alinikerezea spesa za chuma za inchi mbili kwa mbele, nyuma akaweka vibao vya chuma vya inchi tatu na nusu ili gari likae sawa. Limependeza kweli, kila mtu ananiuliza nimefanyia wapi. Lakini sasa ni mwezi wa nne tangu liinuliwe: usukani unatangatanga, tairi za mbele zinalika upande wa ndani, mpira wa sivi jointi ya kushoto umepasuka mara mbili, nikifika 70 gari linatetemeka chini ya kiti, na nikiwa na mzigo naona breki zinachelewa. Fundi anasema nishushe difu la mbele na kukata vile vimpira vya kugongea, kila kitu kitakaa sawa. Mwingine anasema nirudishe gari kama lilivyokuwa. Nimeshatumia pesa nyingi. Nifanye nini?"

Marahaba ndugu yangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na kabla ya maelezo nakuomba jambo moja: usipakie tena magunia wala abiria mpaka breki na boli jointi za mbele (vile viungo vya duara vinavyoshika gurudumu) zikaguliwe gari likiwa juu ya shimo. Usukani unaotangatanga unakuchosha tu. Breki zinazochelewa ukiwa na tani nzima nyuma hazichoshi, zinaua.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wako. Unadhani una matatizo matano, na kila fundi unayemwendea anakuuzia dawa ya moja. Mimi naona tatizo moja lenye sura tano: gari lako limepanda kuliko ulivyoagiza, na vitu vyote vilivyofungwa kati ya chasisi na magurudumu vimebaki na urefu ule ule wa kiwandani.

Anzia mbele, kwenye ile spesa. Uliomba inchi mbili, fundi akakereza chuma cha inchi mbili, na kwa akili ya kawaida hajakosea. Kosa liko kwenye mahali ilipokaa. Kwenye Vigo, shokapu na springi ya mbele ni kitu kimoja kilichosimama, kichwa chake kimefungwa kwenye chasisi, spesa ikiwa katikati yao, na mguu wake umekaa juu ya wishiboni ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Lakini mguu huo haujakaa mwisho wa wishiboni lilipo gurudumu, umekaa karibu na katikati. Chukua fimbo ya mita moja, ncha moja iegemeze ukutani, kisha iinue kwa kidole pale katikati. Kidole kikipanda inchi moja, ncha ya pili imepanda karibu mbili. Ndivyo spesa inavyofanya kazi. Spesa ya milimita 30 inainua Vigo milimita 50 hivi. Ya kwako ina milimita 50, kwa hiyo mbele gari limepanda kati ya milimita 85 na 100. Karibu inchi nne! Na ndiyo maana fundi alilazimika kutafuta vibao vya inchi tatu na nusu vya nyuma. Gari lilikuwa limeinua pua, akaona dawa ni kuinua mkia.

Usiniamini bure, pima mwenyewe. Egesha gari bila mzigo mahali tambarare, kama sakafu ya ghala la mpunga. Chukua futi ya fundi cherehani au ya seremala, pima kutoka katikati ya habu, pale kwenye kifuniko cha gurudumu, kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Usipime kutoka chini, maana hapo utakuwa unapima na tairi na upepo wake. Andika namba nne, gurudumu moja namba moja. Halafu mtafute mwenzako mwenye Vigo ambayo haijaguswa, pima vile vile. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo kimo ulichoongeza kweli. Wateja wengi wanaokuja kwangu wakilalamika, hakuna aliyewahi kupima kabla ya kuinua, kwa hiyo hakuna anayejua amepanda kiasi gani. Wanajua jina la seti ya kuinulia waliyonunua tu.

Jambo la pili litakuuma zaidi, lakini sikufichi. Ulikuwa unakwama kwa sababu difu la nyuma linakaa juu ya tope. Zile njia nazijua. Malori ya Fuso yakishapita masika kwenye ule udongo mweusi yanachimba mifereji miwili mirefu na kuacha mgongo katikati, na mgongo huo ndio unaolipokea difu lako. Sasa fikiri pamoja nami: difu la nyuma la Hilux limo ndani ya ekseli, na ekseli imefungwa kwenye magurudumu. Ukiweka kibao kati ya ekseli na springi, kinachopanda ni springi, chasisi, bodi na wewe uliyekaa ndani. Ekseli haijasogea hata nywele. Difu lako leo liko juu ya ardhi kwa kimo kile kile cha mwezi wa saba.

Kinachoinua difu la nyuma ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Tairi zako za 265/70R16 zina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukienda 265/75R16 unapata 804. Tofauti ni 27, na difu linapata nusu yake, milimita 13. Upana wa kidole. Ukipanda mpaka 285/75R16 unapata milimita 834, difu linapanda 28, lakini hapo tairi itaanza kusugua madigadi ukikata kona, injini ya 2.5 itaona mlima hata pasipo mlima, na spidomita itakudanganya kwa zaidi ya asilimia 7.

Kwa hiyo kuinua gari hakuna faida? Ipo. Tumbo la gari, ngazi za pembeni, tangi la mafuta, bampa ya mbele na difu la mbele (hilo limefungwa kwenye chasisi, si kwenye magurudumu) vyote vinapanda. Ukiingia mtoni au ukipanda ukingo mkali, utaona tofauti. Na nafasi ya tairi kubwa kidogo inapatikana. Ila kwa mgongo wa Fuso, ambao ndio uliokufanya utoe pesa, ulinunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Usijisikie vibaya. Mimi mwenyewe gari la kwanza kuinua lilikuwa langu, Hilux ya miaka ya tisini yenye springi bapa mbele na nyuma. Nilikuwa kijana, nina haraka, na pesa ya yuboti mpya (zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) niliona ni ya kupoteza. Nikachukua zile za zamani, zikawa fupi kidogo juu ya vibao, nati zikashika nyuzi chache za mwisho, nikasema zinatosha. Nikakaza kila kitu gari likiwa limening'inia juu ya stendi. Wiki ya tatu napanda mlima Kitonga na mzigo wa kawaida, nikahisi gari linavuta kulia. Nikashuka, nikaangalia nyuma: ekseli ya kushoto imerudi nyuma upana wa vidole vitatu. Yuboti zililegea, ile boliti ya katikati inayoshika springi na ekseli ikakatika, na gari lilikuwa linatembea upande kama kaa. Lori lililokuwa nyuma yangu lilipiga honi hadi leo naisikia.

Siku ile ilinipa masomo mawili ninayomwambia kila kijana anayekuja kujifunza kwangu. Yuboti ikishakazwa mara moja imevutika, haikazwi mara ya pili kwenye kazi nyingine, inanunuliwa mpya yenye urefu unaofaa, na inarudiwa kukazwa baada ya kilomita 500 hadi 1,000. La pili ni la bushi, na hili hata mafundi wakongwe hulipuuza. Bushi nyingi za wishiboni na za springi ni mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Haizunguki, inajipinda. Ukiikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, umeifunga ikiwa kwenye pembe hiyo. Gari likishuka chini bushi inakaa imejisokota usiku na mchana, kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Baada ya miezi michache inachanika. Boliti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Mwulize fundi wako alikaza lini.

Turudi kwenye gari lako. Shafti za mbele zinatoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu, na zamani zilikuwa karibu tambarare. Sasa zinateremka kwa mwinamo mkali, na sivi jointi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti izunguke ikiwa imepinda, inalazimika kufanya kazi ikiwa imepinda muda wote. Mikunjo ya ule mpira inasuguana yenyewe kwa yenyewe upande wa juu, inalika, inapasuka. Inama uangalie nyuma ya rimu ya kushoto: nadhani utakuta grisi nyeusi imerushwa kwa mistari kama miale, na vumbi limeigandia. Kila siku unayotembea hivyo, mchanga unaingia ndani ya jointi. Kubadilisha mpira mara ya tatu bila kushusha kimo ni kumwaga maji kwenye gunia. Sikiliza pia ukikata kona kali polepole. Ukisikia ta-ta-ta-ta, jointi yenyewe imekwisha, siyo mpira tu.

Hali hiyo hiyo ipo kwenye boli jointi za juu. Gurudumu likishuka kwenye shimo, wishiboni ya juu inafika mwisho wa uwezo wake, na boli jointi inagongwa kwenye kikombe chake. Kwa kimo chako kuna uwezekano pia koili ya springi inagusa wishiboni ya juu. Tafuta alama inayong'aa kwenye rangi ya koili au ya wishiboni. Ukiiona, mjadala wa kubakiza spesa hizo umekwisha.

Usukani unaotangatanga na tairi zinazolika ndani ni watoto wa mama mmoja. Fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha mkao wa magurudumu, anapima vitu vitatu. Kemba ni matege, yaani gurudumu kulala ndani au nje. Tou ni jinsi nyayo za mbele zinavyoelekea, kukaribiana au kuachana. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake, kwenda nyuma. Angalia baiskeli, uma wa mbele haukusimama wima, umelala, na hilo linasaidia uweze kuachia mikono ukaenda. Gari likiinuliwa, kasta hupungua. Ikipungua usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami unakuwa kazi ya kurekebisha kushoto, kulia, kushoto. Tou nayo inabadilika mara tu kimo kinapobadilika, na ndiyo inayokata tairi haraka kuliko yote.

Hapa nina ugomvi na gereji nyingi za mjini. Unapeleka gari lililoinuliwa, kijana anakaza tairodi mbili (zile fimbo zinazogeuza magurudumu), anakwambia tayari. Ameshika tou peke yake. Kwenye Vigo, wishiboni ya chini ina boliti zenye kamu ambazo zinarekebisha kasta na kemba, lakini zina mwisho wake. Kwa milimita 40 au 50 kwa kawaida zinafika. Kwa milimita 90 hazifiki, utahitaji wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Kwa hiyo unapokwenda kwenye mashine, omba karatasi ya vipimo, kabla na baada, na uangalie mstari wa kasta. Akikwambia mashine haitoi karatasi, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Mtetemo wa 70 nauweka kwenye mafungu mawili, na kwanza tuondoe lile la bei nafuu. Udongo mweusi ukikauka ndani ya rimu ni kama kubandika nusu tofali kwenye gurudumu. Osha rimu upande wa ndani, kwangua kabisa, fanya balansi, kisha jaribu. Nimeshawahi kuletewa gari lililobadilishwa propela nzima, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, kwa ajili ya tope.

Kama mtetemo umebaki, angalia propela. Krosi, kile kiungo cha mwisho wa propela, ikifanya kazi kwenye pembe, haizungushi kwa mwendo sawa; kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kiwanda kinalijua hilo, kwa hiyo huweka krosi ya mbele na ya nyuma kwenye pembe zinazolingana ili moja ifute kasoro ya nyingine. Vibao vimesukuma ekseli chini, pembe zimekuwa kali, na kama vibao vimekerezwa vikiwa na mshazari kidogo, au springi zinajipinda kidogo kila unapokanyaga mafuta, ile sulhu imevunjika. Unauhisi chini ya kiti hasa, siyo kwenye usukani, na ndiyo dalili uliyoiandika. Kama propela yako ina beringi ya katikati, nayo ikaguliwe. Zipo kabari nyembamba za kuweka kati ya springi na ekseli ili kurudisha pembe, na zinafanya kazi vizuri zikipimwa. Zikikisiwa, unahamisha mtetemo kutoka 70 kwenda 90.

Nimeacha breki mwisho kwa sababu nataka uzikumbuke. Hilux nyingi za aina yako zina kitu ambacho wenye magari wengi hawakijui: valvu iliyofungwa kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo nyembamba inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, mkia uko juu, fimbo inavutwa, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisije zikakamata na kuteleza. Ukipakia, mkia unashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu. Sasa fundi amekuwekea vibao. Valvu inaona mkia uko juu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Umebeba magunia kumi, yenyewe inaamini gari ni tupu. Breki zote unaziomba magurudumu ya mbele.

Dawa yake ni rahisi hadi inatia hasira: bano la fimbo lihamishwe kwa kiasi kile kile gari lilichoinuliwa, ili pembe ya fimbo irudi ilivyokuwa. Kuna vibano vya kununua, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza. Wakati huo huo, gari liinuliwe kwa chasisi mpaka magurudumu yaning'inie kabisa, kisha mtu aingie chini ashike kila mpira wa breki, nyaya za ABS kama zipo, kebo ya hendibreki na ule mpira wa pumzi wa difu. Kusiwe na kilichovutika kama kamba ya nguo. Mpira wa breki uliokaza ukiwa gereji utakatika ukiwa mtoni.

Sasa ushauri wa fundi wako. Kushusha difu la mbele ni jambo halisi. Vispesa vinawekwa, difu linashuka milimita 20 au zaidi kidogo, pembe za shafti zinapungua. Kwa gari lililopanda milimita 50 inasaidia. Kwa la kwako inapunguza kidogo tu, na inarudisha chini kitu ulicholipia kukipandisha. Kuhusu vimpira vya kugongea, jibu langu ni hapana, tena hapana kubwa. Vimpira vile ndivyo vinavyozuia chuma kisikutane na chuma na shokapu isifike mwisho wake. Havihusiki na tatizo lako hata moja. Sitaki kumvunjia heshima mtu nisiyemjua, kakereza spesa vizuri pengine, lakini hapo anabahatisha.

Na kuna imani nyingine sijaiona kwenye barua yako, ila naihisi, maana wafanyabiashara wote wanayo: kwamba gari lililoinuliwa linabeba zaidi. Halibebi. Uzito unaoruhusiwa umeamuliwa na chasisi, ekseli, beringi, tairi na breki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba mzigo sasa uko juu zaidi, na gari linapinduka kirahisi zaidi kuliko zamani. Kona uliyozoea kuikata kwa 60, ipunguzie.

Basi njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kurudisha gari kama lilivyokuwa: spesa nje, vibao nje, yuboti mpya, mpira wa sivi mpya na jointi yenyewe ikaguliwe, alaimenti. Hii ndiyo ya gharama ndogo, na kwa gari la mpunga si aibu yoyote. Vigo ya kawaida yenye tairi za meno mazuri, upepo uliopunguzwa kiasi kwenye tope na kurudishwa ukifika lami, pamoja na winchi ya mkono au hata mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, inafika mahali pengi kuliko iliyoinuliwa inayosubiri shafti kutoka Dar.

Ya pili, ambayo ningeichagua mimi kama pesa inaruhusu: shuka mpaka milimita 40 au 50, mbele na nyuma, lakini bila spesa wala vibao. Mbele weka springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho. Nyuma weka seti ya springi bapa iliyopimwa kwa mzigo unaobeba siku nyingi za wiki, usiipime kwa ule wa siku moja ya mavuno. Ukinunua springi za kilo 500 na wewe unabeba tani, zitalala. Ukinunua za tani na unatembea tupu, mgongo wako utaniandikia barua nyingine. Tairi za 265/75R16 zitakaa, na ukiona 80 kwenye spidomita ujue uko karibu 83. Fimbo ya valvu ya breki ihamishwe. Taa za mbele zishushwe, maana ukiinua gari unaanza kuwapofusha wenzako usiku bila kujua. Na mpigie wakala wa bima yako umweleze kilichobadilika, upate jibu kwa maandishi kabla ya kuhitaji kulipwa.

Utaambiwa kuna njia ya kati: kupeleka springi zako kwa mhunzi azipashe moto na kuzikunja upya. Gari litapanda, kweli, na bei ni ya soda chache. Lakini chuma cha springi kina ugumu wake kilichopewa kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo, na moto wa mkaa unaufuta. Baada ya masika moja zitakuwa zimelala, au jani moja limevunjika. Kukunja kwa nyundo bila moto kuna unafuu, ila si kwa gari la mzigo kama lako.

Njia ya tatu, kubaki na inchi nne na kubadilisha wishiboni, shafti, propela na mpira wa breki mpaka vyote vifuate, inawezekana. Ni ya watu wanaoinua magari kwa starehe ya kuinua, na siwasemi vibaya, nami nimo. Kwa biashara ya mpunga sioni itakulipa lini.

Onyo moja kwa atakayefungua hiyo kazi: spesa haitoki bila kushusha shokapu ya mbele, na kama ataitenganisha springi na shokapu, springi ile imebanwa kwa nguvu ya kutosha kupasua fuvu. Atumie kibanio kizima, siyo waya na minyororo, na asisimame juu ya ile nati ya kichwa anapoilegeza. Kama gereji haina kibanio cha springi, kazi hiyo si ya gereji hiyo.

Usiendeshe kabisa, hata kwenda mjini, ukiona lolote kati ya haya: gurudumu la mbele linacheza ukilitikisa kwa juu na chini gari likiwa kwenye jeki, sivi inagonga, kuna unyevu kwenye mpira wa breki, au kibao cha nyuma kimesogea hata kidogo kutoka kwenye alama yake. Hapo mwite fundi aje kwako, au gari libebwe. Kama hakuna lolote kati ya hayo, nenda polepole, tupu, mpaka mahali penye shimo na mashine ya alaimenti inayotoa karatasi.

Na zile namba nne ulizopima kutoka habu mpaka madigadi, nitumie pamoja na za gari la mwenzako. Kama tofauti ya mbele itakuwa chini ya milimita 60, basi nimekadiria vibaya spesa zako, na nitakujibu upya.